Behewa la Mama Mkwe

Mwishoni mwa miaka niliyokaa Eldoret peke yangu, niliamini kwa moyo mkunjufu kwamba gari la moshi lina behewa maalumu la mama wakwe. Aliyeniambia ni Zakayo, ambaye nilikuwa nikishika naye msumeno mmoja pale kiwanda cha mbao, yeye upande huu, mimi upande ule. Behewa hilo, alisema, hufungwa nyuma ya mabehewa ya watu. Halina dirisha, ili mama mkwe asimwone mkwe wake, na mkwe asimwone mama mkwe. Mlango wake ni mpana kwa sababu akina mama hao husafiri na vikapu. Sakafuni hutandazwa nyasi. Serikali ilikubali kulitengeneza baada ya wazee wetu wa Magharibi kulalamika kwamba vijana wanaruka madirishani gari likiwa mbioni, kisa wamemwona mama mkwe amepanda. Hata Gavana, Zakayo alisema, humpakia mama mkwe wake humo humo, ila wake huwekewa zulia.

Msicheke. Ndugu zangu wa kwaya na wa darasa la usiku, kila mmoja wenu ameniuliza kivyake ni nini kilitokea siku ile mliposimama stesheni na wimbo mdomoni, nami kila mmoja nimempa kipande. Sasa nimekaa niandike chote, mpitishiane.

Mila yetu mnaijua, lakini kati yenu wapo Wanandi, basi nieleze. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hamshiki mkono, hasemi naye ana kwa ana, hali mbele yake, wala hakai naye chini ya paa moja, mpaka siku mama huyo atakapofika nyumbani kwa mkwe wake kwa mara ya kwanza, apewe blanketi, wale pamoja, na aibu iishe. Mimi ni shemasi. Nilibatizwa nikazamishwa mtoni mpaka samaki wakanisalimia. Lakini nikisikia mama mkwe anakohoa nyuma ya nyumba, roho yangu inabaki ya Kikristo, miguu inakuwa ya kipagani.

Kushuka: Eldoret hadi Webuye

Chumba nilichopewa kiwandani, kile cha wenye familia, nilikipaka chokaa mpaka kikang'aa hata ndege wakawa wanakwepa. Kwa vipande vya mbao vilivyotupwa nilitengeneza kitanda, meza na vigoda vitano. Kisha nikakaa kumngoja mke wangu Rasoa na watoto. Nikangoja. Jioni nilikaa kwenye kila kigoda kwa zamu, kisije kimoja kikaona wivu. Nilisali kwa sauti kama kuna watu, halafu nikajiitikia amina mwenyewe. Mtu akila ugali peke yake mwaka baada ya mwaka, hata mboga inaanza kumwonea haya.

Rasoa alikuwa ametuma neno kupitia watu wa kwetu kwamba hatakuja. Mama yake ni mjane, mguu wake mmoja umevimba, na hana mtoto mwingine. Akija yeye, mama aje pia. Na mama hawezi kukaa behewa moja na mkwe wake. Mlango ulikuwa umefungwa hapo mpaka Zakayo aliponiambia habari ya lile behewa. Niliruka nikagonga paa. Bwana wa kiwanda akanipa ruhusa, nami nikapanda gari la kushuka nyumbani siku hiyo hiyo.

Nilikaa karibu na mpishi mmoja anayefanya kazi kwa Kaburu kule Cheptiret. Alikuwa amepakata mkate mkubwa aliouoka mwenyewe, kaufunga kwa kitambaa cheupe, na kila mtu aliyegeuza pua upande wake alimtazama kama mwizi.

"Ni wa watoto," alisema. "Wewe una watoto?"

"Wawili. Dorika na Enosi."

"Wanakujua?"

"Mimi ni baba yao!"

"Sikuuliza hivyo, bwana. Ukifika, usimkimbilie mtoto. Kaa chini tu. Wacha akuzunguke, akunuse, akuzoee pole pole."

Karibu na Turbo gari lilisimama kwa sababu ng'ombe walilala juu ya reli, na dereva alipiga honi mpaka ikakauka sauti. Ng'ombe mmoja alisimama, akatutazama wote, akalala tena upande wa pili. Tulikaa pale mpaka njaa ikawa abiria. Mpishi alitazama mkate wake, akatazama nje, akautazama tena. Hakuukata. Aliposhuka kwao aliubeba kwa mikono miwili kama mtoto wa kubatizwa, na sijamwona tena, lakini namkumbuka kila nikila mkate.

Nyumbani

Nilikuta Enosi anacheza uani. Nilisahau yote niliyofundishwa na mpishi. Nilitupa mzigo, nikapanua mikono, nikamkimbilia nikiimba jina lake. Mtoto akatimka kama sungura.

"Mama!" alipiga kelele. "Kuna mgeni! Amevaa viatu!"

Rasoa akatoka jikoni, akacheka, akalia, akacheka tena. Akachinja kuku. Sasa mnajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Mtu mwingine hata haiulizii. Tulipokaa, Rasoa akapakua, na kwa mazoea ya mkono akaiweka firigisi kwenye sahani ya Enosi, kwa maana kwa miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa mwanamume pale nyumbani. Mkono wake ukasimama hewani. Akanitazama. Enosi alikuwa ameshaanza kutafuna.

"Wacha ale," nikasema. "Mimi siku hizi firigisi inanivimbisha tumbo."

Mnajua nilivyo, maneno yangu huongezeka uzito njiani. Lakini uongo kama ule sijawahi kusema.

Jioni mama mkwe alikuja akakaa nje, nyuma ya ukuta wa jiko, mimi nikiwa ndani. Rasoa akasimama mlangoni, katikati yetu.

"Rasoa, muulize mume wako, hilo behewa lina paa?"

"Mwambie mama lina paa."

"Muulize, amewahi kuingia?"

"Mwambie mama, mwanamume atawezaje kuingia? Ni la akina mama."

"Muulize, amemwona mtu aliyeingia?"

"Mwambie mama, Zakayo amemwona."

"Zakayo ni nani?"

"Mwambie ni mwimbaji wa kanisa. Sauti ya tatu."

Nikasikia kuku wakigeuka kwenye tundu lao.

"Haya," mama mkwe akasema. "Mwambie tutaenda."

Nilitaka kucheza dansi, nikakumbuka ushemasi wangu, nikacheza kwa vidole vya miguu ndani ya viatu.

Stesheni ya Webuye

Asubuhi ile mama mkwe alitembea nyuma yetu kwa mbali, akijikokota na mwavuli wake, nami nikitazama mbele kama farasi wa Kaburu. Kikapu cha chakula alibeba Dorika. Gari likaingia, na daraja la tatu lilikuwa limejaa mpaka miguu ya watu inatoka madirishani. Nilimwendea gadi, mtu mnene mwenye filimbi shingoni.

"Bwana gadi, behewa la mama mkwe liko wapi?"

"La nani?"

"La mama mkwe. Niko naye safarini, na mila hairuhusu nikae naye."

Akanitazama. Akamtazama yule mama aliyesimama kule mwisho ametupa mgongo. Akatazama miguu iliyotoka madirishani. Tumbo lake likaanza kutikisika.

"Ah, mzee, hiyo iko. Iko huko nyuma." Akanyoosha bendera yake. "Wapande hiyo. Lakini tukifika Leseru, pale reli ya Kitale inatoka, ambia wao washuke wakuje huku mbele. Watu watakuwa wamepungua. Umesikia?"

"Nimesikia."

Nikaenda nikachungulia kwa mbali. Halina dirisha! Mlango mpana! Sakafuni nyasi! Moyo wangu ukaimba sauti zote nne. Kila neno la Zakayo lilikuwa limesimama pale mbele yangu juu ya magurudumu.

Rasoa na watoto wakaingia naye, kwa maana nani angemsaidia na mguu ule? Mama mkwe alisimama mlangoni, akatazama ndani. Akatazama sana. Akavuta hewa puani. Kisha akashika mkono wa Rasoa, akapanda. Mimi nilidhani ni furaha.

Webuye hadi Leseru

Basi ndivyo nilivyosafiri na familia yangu, ndugu zangu: wao nyuma, mimi mbele, na mbao mbili kati yetu. Nilipata nafasi ya kukalia nusu ya tako kando ya mzee aliyelala akiniegemea, na tangu mwanzo hadi mwisho yeye ndiye mtu pekee aliyenigusa.

Nilikuwa nimebana dirisha la nyuma kabisa. Gari likipunguza mwendo kwenye mlima, nilisikia kicheko cha Dorika. Kile kicheko nilikijua. Alikuwa nacho tangu akiwa hana meno. Nikasikia Enosi anauliza kitu, na Kukhu, yaani bibi yake, anamjibu, na wote wanacheka. Sikusikia ni nini. Nikatoa kichwa nje nikaanzisha wimbo kwa sauti ya nne, ule wimbo wetu wa Jumapili, nikanguruma mpaka moshi ukapinda. Nikasikia, kweli nilisikia, sauti ya Rasoa inaipokea kule ndani. Tuliimba mistari miwili pamoja. Halafu gari likapata mteremko, upepo ukachukua upande wake, nikabaki na sauti yangu ya nne peke yake, na sauti ya nne peke yake ni kama fahali aliyepotea.

Kisha harufu ya kuku ikaja. Walikuwa wamefungua kikapu. Mimi nilikuwa na hindi moja baridi.

Turbo, mama mmoja Mnandi alikuwa anauza maziwa ya kibuyu. Nilinunua kikombe, nikaona chenga nyeusi zinaelea.

"Mama, maziwa yako yameungua."

"Hayajaungua. Hiyo ni makaa ya mti, ndiyo utamu yake. Kunywa. Wewe unatembea peke yako?"

"Hapana. Niko na mke na watoto."

Akatazama pande zote. "Wako wapi?"

Nikamwonyesha behewa la nyuma. "Wako na mama mkwe. Mila."

Alifikiri kidogo akipangusa mdomo wa kibuyu. "Sisi pia tuko na heshima ya mama mkwe. Lakini kwetu mtu anapita kando tu. Hatumfungii."

Nilimwambia serikali imeshughulikia jambo hilo. Akanitazama kwa huruma, akaniongezea maziwa bure. Yalikuwa matamu, na makali, yakanipanda puani, nikasingizia hayo kwa machozi yangu.

Tukafika Leseru. Nilikumbuka maneno ya gadi, nikashuka mbio kwenda kumwambia Rasoa wahamie mbele. Nilipozunguka kona ya behewa, nusura nife. Mama mkwe alikuwa amekaa pale pale mlangoni, mguu wake mgonjwa ameunyoosha juani, kichwa wazi, bila kitambaa!

Niligeuka nikajificha nyuma ya tangi la maji. Nikakohoa ili Rasoa anisikie. Hakutoka. Nikakohoa zaidi. Nilikohoa mpaka abiria mmoja akatoa kichwa dirishani akasema, "Mzee, kifua hicho usichezee, nenda hospitali." Rasoa alikuwa amelala huko ndani na Enosi kifuani, aliniambia baadaye. Na kumwita kwa jina mbele ya mama yake, nikipaza sauti kama mchunga punda, sikuweza.

Filimbi ikalia. Watu wanagongagonga vyuma huko nyuma, sikuwatazama, maana kutazama huko ni kumtazama yeye. Nikajiambia: behewa la mama mkwe haliwezi kuachwa njiani. Limewekwa na serikali. Linaenda mpaka Eldoret, kama mimi. Nikaruka ndani. Na kweli, sasa nafasi ilikuwa tele, nilipata benchi zima. Sikulala juu yake.

Leseru hadi Eldoret

Haya mengine mlikuwepo. Mlikuwa mmesimama mmejipanga, akina mama na vitambaa vyeupe, na Zakayo mbele na ngoma. Mliponiona nimetoa kichwa mkaanza kuimba, na wimbo ulikuwa mzuri, sijasikia mzuri kama ule. Nikashuka na mzigo wangu. Mliimba ubeti wa kwanza wote mkitazama mlango nyuma yangu. Ubeti wa pili mkauimba pole pole. Wa tatu aliuimba mama mmoja tu, yule asiyesikia vizuri.

"Ndugu, wako wapi?" mkauliza.

"Behewa la nyuma!" nikasema, nikageuka kuwaonyesha kwa mkono mzima.

Nyuma hapakuwa na kitu. Reli mbili tu, zinaenda zikikaribiana mpaka zinakuwa moja.

Zakayo akatazama viatu vyake. "Ndugu," akasema, "kuna jambo moja juu ya lile behewa…"

Sikungoja jambo lake. Nilikimbia kwanza chumbani. Vigoda vitano vilikuwa vimepangwa kuzunguka meza nilivyoviacha. Juu ya kitanda lilikuwepo blanketi la mama mkwe, jipya, nililolikunja na kulikunjua mara nyingi mpaka likachoka kabla ya kutumika. Nikalichukua, kwa sababu kule uwandani jua likishuka baridi inakunyoa ndevu bila sabuni, na watoto wangu hawakuwa na nguo za huku.

Kurudi Leseru, kwa miguu

Nilifuata reli. Pande zote mbili ngano ya wazungu, imeinama yote upande mmoja kwa upepo, na mtu hakuna. Kwa kawaida nikitembea mimi huongea. Hata nikiwa peke yangu huongea na kivuli, tunacheka. Siku ile kivuli kilinyamaza. Niliwaza: je, wakivutwa mpaka Kitale? Je, mama mkwe akisema basi, akawapandisha gari la kurudi? Angekuwa na haki. Rasoa angemfuata. Ningerudi kwenye vigoda vyangu, nivikalie kwa zamu, mpaka Enosi aote ndevu na kuniuliza wewe ni nani. Nilijaribu kusali, na mimi shemasi husali vizuri, watu husifu. Sikuweza. Nilisema majina yao tu: Rasoa, Dorika, Enosi. Na baada ya mwendo mrefu nikaongeza, na mama.

Jua lilikuwa limeanza kulala nilipoona moshi mdogo kando ya reli. Walikuwa pale! Wamewasha moto, Dorika anachoma mahindi, Rasoa amesimama mkono kiunoni. Enosi aliniona kwanza.

"Mgeni amekuja!" akapiga kelele. "Amekuja na miguu!"

Mama mkwe alikuwa amekaa kando ya moto juu ya kikapu, anatetemeka. Mara moja nikageuka, nikaanza kwenda kinyumenyume kama trekta inayoingizwa bandani, blanketi nimelinyoosha nyuma yangu, ili Rasoa alichukue. Nilijikwaa kwenye jiwe nikaanguka chali. Nikabaki chini pale, natazama mawingu, na blanketi likaondoka mkononi mwangu. Sikujua nani amelichukua.

Kutoka pale chini ndipo nikaona jambo la ajabu. Behewa letu lilikuwa limesukumwa kwenye reli ya pembeni, mlango wake mpana wazi, na wachungaji wa shamba fulani wanapandisha ng'ombe. Ng'ombe! Wanapanda mmoja mmoja, kwa adabu, wanakanyaga nyasi.

Nikainuka kama moto. "Nyinyi!" nikawapigia kelele. "Hamna haya? Mnaingiza ng'ombe katika behewa la mama mkwe? Nitawaandikia serikali! Mimi nimesoma!"

Wachungaji wakatazamana. Ng'ombe mmoja akalia. Dorika akafunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika.

"Rasoa," ikasema sauti nyuma yangu, "mwambie mume wako…" Ikasita. "La. Wacha nimwambie mwenyewe."

Sikugeuka. Shingo yangu ilikuwa mti.

"Baba Enosi, geuka."

Nikageuka. Alikuwa amejifunika lile blanketi mpaka kidevuni. Ndipo nikaona kwa mara ya kwanza kwamba Rasoa amechukua macho yake.

"Umenipa blanketi, nimelipokea," alisema. "Nyumbani kwako tutafika kesho, mguu wangu ukikubali, na tutakaa behewa moja wote, na hakuna atakayeruka dirishani. Pale Webuye nilichungulia ndani nikanusa, nikajua. Nikapanda, kwa sababu mtoto wangu alitaka kukaa na mume wake. Enosi, huyu si mgeni. Mletee baba yako firigisi, tumemwekea tangu asubuhi. Na wewe, mwanangu, kaa chini ule. Hakuna behewa la mama mkwe. Lile ni la ng'ombe."